Miaka miwili na paneli za sola juu ya paa: uzoefu wangu na bili ya umeme

Kabla ya kuzungumza na fundi yeyote kuhusu sola, nilisoma mita ya nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili na kuandika namba zake kwenye daftari. Niligundua kwamba nyumba yetu ilitumia wastani wa yuniti 12 kwa siku, yaani takribani 360 kwa mwezi, na kwamba theluthi mbili ya matumizi hayo yaliangukia kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja asubuhi. Wakati ule nilitazama jumla tu, nikaagiza mfumo wa kuitosheleza jumla hiyo, wala sikuipa uzito namba ya usiku. Leo najua kwamba namba ile ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Nilifungiwa paneli nane za wati 400 kila moja, jumla ya kilowati 3.2, pamoja na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumiwa na vyombo vya nyumbani) ya kilowati 3 iliyounganishwa na umeme wa gridi, bila betri. Kazi ya kufunga ilichukua siku mbili na ilifanywa kwa unadhifu: matundu ya skrubu yalizibwa vizuri, na mvua ya kwanza haikuleta tone ndani ya nyumba. Paneli zenyewe sina malalamiko nazo. Anayetarajia kusoma wati 3,200 kwenye kioo cha inveta, hata hivyo, ajue kwamba wati 400 zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara, mwanga ukiwa wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba na seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya paa mchana wa jua kali paneli hufika hata nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza takribani asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake. Ndiyo maana kiwango cha juu kabisa nilichowahi kukiona, wati 2,740, hakikutokea siku ya joto bali adhuhuri moja yenye ubaridi, muda mfupi baada ya mvua kukatika na kuziosha paneli.

Mwezi wa kwanza nilinunua yuniti 250. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba bili ingebaki jina tu, hivyo nilivunjika moyo sana, nikadhani nimeuziwa vifaa vibovu. Niliporudi kwenye daftari langu ndipo jambo likaeleweka: paa lilizalisha yuniti 11 hadi 13 kwa siku yenye jua, lakini mchana sisi tulitumia nne tu, na mkataba wangu na msambazaji wa umeme haulipi chochote kwa umeme unaozidi. Kwa hiyo ziada ya mchana haikutupunguzia bili hata kidogo, kisha jioni tukaanza kununua. Mtu ambaye msambazaji wake humhesabia umeme anaourudisha kwenye gridi atapata matokeo tofauti kabisa na yangu kwa paneli zilezile, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kabla hata ya kuulizia aina ya paneli.

Tulichofanya baada ya hapo hakikutugharimu karibu chochote. Hita yetu ya maji ni ya wati 2,000, nasi tulikuwa tukiiwasha alfajiri na jioni. Nilifunga swichi ya saa inayoiwasha saa tano asubuhi, na kwa kuwa tangi lake limefunikwa vizuri, maji hubaki ya moto hadi usiku. Kufua kwa mashine na kupiga pasi tulikuhamishia mchana wa siku ambazo kuna mtu nyumbani. Tulijifunza pia kutowasha vyombo vikubwa kwa pamoja, kwa sababu hita, pasi na friji vikifanya kazi wakati mmoja hupita kile ambacho paa linatoa, na tofauti hiyo hununuliwa kutoka kwenye gridi. Vikipokezana, vyote hutumia jua. Ndani ya miezi mitatu manunuzi yalishuka kutoka yuniti 250 hadi 160, bila kuongeza paneli hata moja.

Kasoro kubwa ya kazi ya fundi niliigundua kwa bahati. Asubuhi moja nilisimama mbele ya inveta saa nne nikasoma wati 1,140, ingawa anga lilikuwa jeupe kabisa. Nilitoka nje nikaona kivuli cha tangi la maji kimelala juu ya kona ya paneli mbili. Nilisubiri uani huku nikirudi ndani mara kwa mara kusoma kioo: kivuli kilipokuwa kikiondoka kwenye ukingo wa paneli ya mwisho, namba ilipanda ndani ya dakika chache hadi kupita 1,700. Paneli zangu zimeungwa kwa mfululizo, mkondo mmoja ukipita katika zote, na kwa hiyo kivuli kidogo juu ya paneli moja huweza kuudhoofisha mstari mzima kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Ndani ya paneli kuna diodi zinazoruhusu mkondo kuikwepa sehemu yenye kivuli, lakini sehemu hiyo haitoi chochote wakati huo. Fundi alirudi na kuzihamisha paneli hizo mbili, ila nililipia kazi hiyo mwenyewe, jambo ambalo bado naliona si haki, kwa kuwa tangi lilikuwapo siku aliyokuja kupima paa.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenieleza lilijitokeza umeme wa gridi ulipokatika saa saba mchana, jua likiwaka, na nyumba nzima ikazimika. Inveta ya aina niliyokuwa nayo hujizima yenyewe gridi inapokatika, ili umeme wa nyumbani usitiririke kwenye nyaya ambazo mafundi wanazishika wakizitengeneza. Ni sharti la usalama na ninalikubali kwa moyo wote. Ninacholaumu ni kwamba niliuziwa mfumo huo nikiamini utanisaidia siku za kukatika.

Mwanzoni mwa mwaka wa pili niliongeza betri ya lithiamu inayohifadhi yuniti 5. Sikuchukua ile ya asidi, ingawa bei yake ni ya chini zaidi, kwa sababu haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake ikiwa unataka idumu, ilhali ya lithiamu huruhusu asilimia 80 hadi 90 na hustahimili kuchajiwa na kutumiwa mara elfu kadhaa. Hata hivyo, inveta yangu ya kwanza haikuwa na nafasi ya betri, ikabidi ninunue nyingine ya haibridi, yaani inayofanya kazi na gridi na betri pia. Ningalijua, ningalinunua hiyo tangu siku ya kwanza hata kama betri ingekuja baadaye. Sasa tunanunua takribani yuniti 50 kwa mwezi, na umeme ukikatika taa, friji na intaneti vinaendelea bila mtu kushtuka.

Kwa hesabu yangu, paneli peke yake zitarudisha gharama yake mapema zaidi kuliko betri, ambayo itachukua muda mrefu zaidi kujilipa. Kwa hiyo kwa anayetafuta nafuu ya bili tu, na ambaye ana watu nyumbani mchana, ningemshauri aanze bila betri. Nyumba ambayo wote hutoka asubuhi na kurudi usiku, na ambayo msambazaji wake hahesabu umeme wa ziada, haitafaidika sana na paneli pekee.

Matunzo ya paneli ni machache. Wakati wa ukame nazifuta vumbi kila baada ya wiki tatu, alfajiri kabla kioo hakijapata moto, kwa maji na kitambaa laini. Yuniti 50 zilizobaki nyingi hutumika katika siku za mawingu mfululizo, ambapo paa hutoa robo tu ya kawaida yake na betri haijai. Ningeweza kuongeza paneli nne ili kuzipunguza, lakini kwa ajili ya siku kama hizo pekee nimeona ni nafuu kuendelea kuzinunua.