Jiko la kuni kwa nyumba za baridi: lipi linunuliwe, lipi liachwe

Mtu wa Makete, Njombe, Mufindi au Lushoto anaponunua jiko la kuni hununua vitu viwili kwa mpigo: moto wa kupikia na joto la nyumba. Viwili hivi havipatani sana. Jiko linalobana kuni hulisukuma joto karibu lote kwenye sufuria, hivyo chumba kinabaki na baridi yake. Jiko linalopasha chumba hutoa joto pande zote, na kuni zinakwenda. Muuzaji akikuambia jiko lake linafanya yote mawili kwa vijiti viwili, mwachie jiko lake.

Tumepanga kwa kufikiria nyumba inayopika kila siku na inayohitaji joto kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, kipupwe ambacho uwanda wa Kitulo huamka na sakitu juu ya majani. Anayeishi kwenye joto aruke moja kwa moja hadi nafasi ya tatu. Gesi hatukuiweka kwenye orodha, ingawa kwa chai ya asubuhi mtungi mdogo hauna mpinzani, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ila hakuna anayeota moto kwenye mtungi wa gesi.

Nafasi ya kwanza: jiko la matofali la kujengwa, lenye sahani ya chuma na bomba

Hili ndilo la kuchukua kama nyumba ni yako na jiko liko ndani ya nyumba kubwa, si kwenye kibanda cha uani. Tofali hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukimaliza kupika saa mbili usiku, ukuta wa jiko bado una uvuguvugu wakati watu wanalala.

Mtihani uko kwa fundi. Mwulize atatumia tofali gani kuzunguka moto. Akijibu "tofali ni tofali," tafuta mwingine. Chumba cha moto kinataka tofali jepesi, la udongo mfinyanzi au wa kichuguu uliochanganywa na unga wa mbao kwa ujazo unaokaribiana. Tofali likichomwa, unga huungua na kuacha vitundu vya hewa. Vitundu hivyo vinazuia joto lisinyonywe mapema, moto unakuwa mkali na moshi unaungua kabla haujatoka. Tofali zito la kawaida kazi yake huanza baada ya hapo: chini ya sufuria ya pili, na kwenye benchi fupi ambamo moshi unapita kuelekea kwenye bomba. Benchi ya mita moja inatosha. Ukiirefusha zaidi, moshi unapoa, unakosa nguvu ya kupanda, na unarudi kwa mpishi.

Mlango wa kuni wa sentimeta 12 kwa 12 unatosha familia ya watu watano au sita. Watu wengi huomba mlango mkubwa ili wasukume gogo zima. Matokeo yake hewa baridi inaingia juu ya kuni, moto unazubaa na masizi yanajaa. Chini ya kuni pawe na wavu wa nondo za milimita 12 ili hewa ipite chini ya makaa.

Sahani ya juu iwe ya milimita 6, na fundi aache nafasi ya milimita 5 kuizunguka, aijaze majivu yaliyochanganywa na udongo laini. Chuma kikipata moto hutanuka. Kikibanwa na tofali, ama sahani inabinuka ama kona ya jiko inapasuka, kisha lawama zinaangukia udongo. Saruji isiguse sehemu ya moto. Iishie kwenye plasta ya nje.

Nafasi ya pili: jiko la chuma lenye bomba

Ni la mpangaji, au la sebule ambayo huwezi kuibomoa. Linapasha chumba ndani ya robo saa, lakini moto ukizimika baridi inarudi upesi, na linakula kuni kuliko la tofali. Tumeliweka la pili kwa sababu unahama nalo.

Yanayouzwa kando ya barabara mengi ni bati lililopakwa rangi nyeusi. Nenda na rula. Kuta za chumba cha moto ziwe milimita 3 au zaidi, na sahani ya juu milimita 5 au 6. Karatasi ya chuma ya geji 16, ambayo ni milimita moja na nusu hivi, inafaa kwa sanduku la majivu na miguu tu. Ukutani itaanza kubinuka msimu wa kwanza. Kagua uchomeleaji: mstari uwe mfululizo. Ukiona alama za nukta nukta zenye nafasi katikati, moshi utapita hapo hapo.

Kisha fanya kipimo cha karatasi. Fungua mlango, weka ukanda wa gazeti kwenye ukingo, funga, vuta. Ukanda ukitoka bila kushikika, mlango hauzibi, na jiko lisiloziba huwezi kulipunguza moto usiku. Rudia pande zote nne, maana bawaba nyingi zinabana upande mmoja na kuachia mwingine. Fundi mzuri hatachukia. Atachukua nyundo na kuirekebisha bawaba mbele yako.

Omba lenye kilango cha hewa chini ya wavu. Kizuizi ndani ya bomba kina faida pia, ila kisiweze kufunga tundu lote: kiwe na pengo kama robo yake. Makaa yanayofifia ndiyo yenye kaboni monoksaidi nyingi, hewa isiyo na harufu, na bomba likifungwa kabisa inaishia chumbani. Kama jiko lina tangi la maji pembeni, mfuniko wake uwe wa kuweka tu, usiwe wa kufunga kwa skrubu. Maji yakichemka ndani ya tangi lililozibwa, tangi hupasuka.

Nafasi ya tatu: jiko banifu la kubebeka

Kwa kupika peke yake lingekuwa la kwanza. Linawaka kwa vijiti vya unene wa kidole gumba, linachemsha haraka, na moshi wake ni mdogo likishashika moto. Kuniokoa ya kampuni ya BURN ya Kenya ni mfano unaofahamika. Ila joto la nyumba usilitarajie, na kwa kuwa halina bomba, lipikie barazani au mlango ukiwa wazi, jambo ambalo Julai hakuna anayelipenda.

Kabla ya kulipa, lisongee ugali wa kufikirika: weka sufuria yako kubwa juu, shika mwiko, sukuma kwa nguvu kama unga umeshakaza. Mengi yanayumba. Lenye vishikio vya kukanyaga au kushika kwa mkono wa pili ndilo la kubeba. Angalia pia pengo kati ya sufuria na kizuizi cha upepo kinachoizunguka. Sentimeta moja ni sawa. Likiwa kubwa zaidi, kizuizi kimekuwa pambo.

Nafasi ya nne: kuni mbili

Chungu kilichochomwa, kinachojengewa mawe na udongo pembeni. Kilisambazwa Kenya miaka ya 1980 kupitia chama cha Maendeleo ya Wanawake, na bado ndicho chenye bei ya chini kabisa hapa. Kinabana kuni kuliko mafiga matatu, ila moshi wote unabaki ndani. Dukani kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia kama kikombe, chenye ufa kinatoa sauti ya kopo.

Jiko la pumba za mbao, lile la kopo unaloshindilia ukiwa umesimamisha chupa katikati, ni zuri kwa maharage pale palipo na viwanda vya mbao. Pumba zikiwa mbichi utalia machozi. La mkaa chumbani kwa ajili ya kuota halina nafasi kwenye orodha hii, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Watu hulala na hawaamki.

Bomba ndilo nusu ya bei

Wanunuzi humaliza pesa kwenye jiko kisha wananunua bomba fupi. Kutoka kwenye moto hadi kwenye kofia unahitaji mita tatu na nusu hadi nne, na ncha ipite kilele cha paa kwa sentimeta 60, la sivyo upepo utasukuma moshi chini. Upana wa sentimeta 10 unafaa jiko dogo la kujengwa. La chuma la kupasha sebule linataka 15. Kona zisizidi mbili, nazo ziwe za mshazari, si za mraba.

Mita ya kwanza inunuliwe ya chuma cheusi. Mabati hutoa moshi wa zinki yakipata moto mkali. Kwenye kila kiungo, bomba la juu liingie ndani ya la chini. Mafundi wengi hufanya kinyume, na lami ya moshi inachuruzika nje hadi sakafuni. Kati ya bomba na papi acha sentimeta 45. Nafasi isipotosha, ukinge ubao kwa kipande cha bati kilichosimama sentimeta mbili na nusu mbele yake, hewa ipite nyuma.

Mwezi wenye moto kila siku, safisha mara moja: gunia lililofungwa jiwe, kamba, na mtu mmoja juu ya paa. Ukiligonga bomba na sauti ikawa nzito, umeshachelewa.

Kwa kuni, miwati ndiyo bora ya nyanda za juu. Ipasue, ipange chini ya banda miezi sita. Mkaratusi mnene unataka mwaka. Msindano uwe wa kuwashia tu, utomvu wake hujaza bomba masizi. Kuni mbichi nusu ya uzito wake ni maji, na moto wako utayachemsha hayo kabla ya yale ya ugali.

Jiko la chuma liwashwe mara ya kwanza nje, harufu ya rangi iishe. La kujengwa likae wiki mbili hadi tatu bila moto, kisha moto mdogo wa vijiti kwa siku tatu. Nyufa nyembamba kama uzi zitatokea tu. Zizibe kwa udongo ule ule uliojengea, ndiyo maana fundi akiondoka mwambie akuachie ndoo moja.