Hedifoni Nyumbani: Risiva Uliyonayo au Amplifaya Maalumu?

Anayetaka kusikiliza muziki usiku hapa Kisumu bila kumwamsha jirani wa ukuta wa pili ana njia tatu: kuchomeka hedifoni kwenye risiva aliyonayo (redio yenye amplifaya ya kuendesha spika), kununua adapta ndogo ya simu (ile inayochomekwa kwenye tundu la chaji ili kupata tundu la hedifoni), au kununua amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya hedifoni pekee. Kabla ya kuzipanga, soma idadi ya omu (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme) iliyoandikwa kwenye hedifoni zako au kwenye boksi lake, kwa maana hiyo ndiyo inayoamua mpangilio.

Kwa hedifoni za omu 250 hadi 300, kama vile Sennheiser HD 600, nafasi ya kwanza naipa risiva. Risiva nyingi za zamani hazina saketi ya pekee ya hedifoni; sauti huchukuliwa kwenye amplifaya ileile ya spika, kisha hupunguzwa kwa rezista, vipande vidogo vya kuzuia umeme. Fundi akikufungulia kifuniko utaziona, moja kwa kila upande, pengine zikiwa na mistari miwili ya rangi ya chungwa na mmoja wa kahawia, yaani omu 330. Hedifoni za ukinzani mkubwa huhitaji volti nyingi, na volti ndizo risiva iliyo nazo tele. Kwa kuwa ukinzani wa hedifoni hizo hupanda kwenye besi, besi itapanda kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 2 hivi, jambo ambalo mimi nalipenda.

Kwa hedifoni za omu 32 mambo hugeuka. Ukinzani wake ukipanda hadi omu 60 kwenye besi, kama zinavyofanya baadhi yake, rezista hiyo ya omu 330 huinua sauti za hapo kwa karibu desibeli 5. Ukimsikiliza D. O. Misiani na Shirati Jazz katika hali hiyo, gitaa la besi, ambalo katika muziki wao wa benga hukimbia noti kwa noti, huvimba na kulifunika gitaa la solo. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu mazungumzo ya magitaa hayo ndiyo benga yenyewe. Hapa amplifaya maalumu inaongoza. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukinzani wa tundu unalochomekea hedifoni usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, yaani omu 4 kwa hedifoni za omu 32, na amplifaya nzuri huwa chini ya omu 2. Iunganishe na matundu ya risiva yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT, nawe utaendelea kutumia redio na CD zako kama kawaida.

Adapta ya simu naiweka ya pili kwa hedifoni hizo za omu 32. Ni ya bei nafuu na ukinzani wake ni mdogo, ila haipokei sauti kutoka kwenye risiva, na kwa omu 300 mara nyingi huishiwa nguvu.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni umeme. Risiva za mtumba kutoka Japani ni za volti 100 na za Marekani ni za volti 120, ilhali umeme wetu ni wa volti 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa, kisha uhesabu na bei ya transfoma ya kushusha umeme. Tahadhari hiyohiyo inazihusu amplifaya za Schiit Magni na JDS Labs Atom: ukiagiza kutoka Marekani, taja kwamba unataka adapta ya umeme ya volti 230.

Dukani, nenda na hedifoni zako mwenyewe. Chomeka bila kucheza muziki, zungusha kitufe cha sauti polepole hadi nusu, na usikilize. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa kitufe ni vumbi, na fundi huliondoa kwa dawa ya kupuliza. Mvumo mzito usiobadilika hata ukikirudisha kitufe hadi mwanzo hutoka kwenye mitambo ya umeme ya ndani, na mashine yenye mvumo huo iache palepale kaunta.