Robine ya nyuma ya soko, Ndosho: miezi mitatu ya kuchota

Nina malewa (mgahawa) ndogo hapa Ndosho, mtaa wa Goma. Napika maharagi, sombe (majani ya muhogo) na fufu, na kila siku lazima nipate bidoni (madumu) 12 za lita 20. Robine hii, bomba la maji la watu wote, naipima kwa sufuria zangu.

Bidoni moja ni falanga 100. Zamani nililipa 500 kwa kijana wa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) aliyepandisha maji kutoka ziwani. Siku ambazo pesa ilikosa, nilimtuma binti yangu wa miaka 14 kwenye ziwa Kivu saa kumi ya alfajiri, na sikupata usingizi mpaka nisikie bidoni inagonga mlango. Mama yeyote wa Goma anaijua hofu hiyo ya njia ya maji gizani. Sasa anachota kukiwa kumekucha, karibu na nyumbani, kisha anawahi masomo.

Maji yana harufu kidogo ya klorini. Wengine wanalalamika, mimi naipenda, maana inaua vijidudu vya kipindupindu. Nilikuwa mtoto 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipokufa kwa kipindupindu, nikaona maiti zimefungwa kwenye mikeka kando ya barabara.

Lakini sifa kubwa ni ya mama anayeshika robine. Anaandika namba kwa mkaa juu ya kila bidoni, na namba haiuzwi. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwenye robine niliyokuwa naenda zamani, foleni ilikuwa ya mwenye nguvu. Siku moja wamama wawili walisukumana, bidoni ikapasuka, na kabla ya dakika tano hakuna aliyezungumza tena habari ya maji: ilikuwa «ninyi mliokuja juzi na vita, rudini kwenu», kisha kabila, kisha vijana wakaokota mawe. Ugomvi ulianza kwa lita 20. Hapa waliokimbia vita na wenyeji wanashika namba moja baada ya nyingine, na nimeshasikia wakiulizana habari za watoto.

Kasoro iko, na ni nzito: robine haina tangi lake. Pampu za ziwani zinataka umeme. Umeme ukikatika, tunabaki wakavu. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na maji yakakatika nao. Watu walishuka ziwani risasi zikilia, wakanywa maji yasiyo na dawa. Mei 2021 lava ya volkano Nyiragongo iliharibu hifadhi ya maji na mabomba, watu wapatao 500,000 wakakosa maji. Na huku kwetu chini ni mwamba wa volkano, huwezi kusema utachimba kisima uani. Nchi yenye maji mengi kuliko nchi nyingine zote za Afrika, na ziwa liko pale tunaliona! Ningelipa falanga 50 zaidi kwa kila bidoni kama zingenunua tangi.

Jambo lingine: mwezi uliopita mtu mwenye bunduki alikuja na bidoni tatu akapita mbele ya wote. Mama wa robine alinyamaza, nasi tukanyamaza. Simlaumu hata kidogo.

Nendeni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu baadaye presha inashuka. Bebeni vifuniko vyenu. Vumbi ya barabara ya Sake ni nyingi.