Rafadha ya inchi 13 imenichosha: ipi inafaa boti ya uvuvi Ziwa Kivu?

Jambo sana, ndugu watazamaji, na karibuni tena ufukweni Kituku, hapa Goma. Rafadha hii ninayoishika, yaani mapanga yanayozunguka majini na kuisukuma boti, ambayo mafundi wetu huiita elisi, imeninyima raha mwezi mzima, na leo ninaifungua mbele yenu. Mashine ni ile ya kufungwa nyuma ya boti, ya nguvu farasi 40.

Sogezeni macho hapa kwenye kitovu: 11½ × 13, zote inchi. Nambari ya kwanza ni upana wa duara ambalo mapanga yake hulichora yakizunguka. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao rafadha ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Maji huteleza, hivyo haifiki hapo, lakini nambari hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itapumua au italemewa.

Muuzaji alinisifia mbio za 13. Labda zipo kwa boti tupu! Mimi ninabeba nyavu, taa, betri, watu sita na, Mungu akijalia, sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu.

Sasa tazameni kipima mizunguko. Kitabu cha mashine hii kinataka mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika mafuta yakifunguliwa yote. Nimepakia kama kwa safari ya usiku, ninafungua yote, sindano inapanda, inasita, inagota kwenye 4,100. Sikilizeni sauti hiyo nzito, kama pumzi ya mtu anayepanda mlima na gunia la makala mgongoni. Mashine ikiendeshwa hivyo kila usiku hupata joto, hujaa masizi, na hunywa petroli bila faida.

Tusisahau kwamba Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, mashine hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo farasi zetu 40 zimebaki kama 34. Wenzetu wa chaneli nyingine hupima wakiwa na mtu mmoja na boti tupu, kisha wanatushauri sisi!

Nimefunga ya hatua 11, mzigo uleule. Kila inchi moja ya hatua unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200, na kweli, sindano imepita 4,500 kidogo, na pua ya boti imeshuka mapema zaidi. Ubaya wake ni huu: ukirudi mtupu lazima upunguze mafuta, usivuke 5,500.

Kuhusu bei, wengi mnaniuliza kuhusu chuma cha pua. Kina mapanga membamba na kinashika maji vizuri, lakini bei yake inaweza kufika mara tatu ya alumini, na ukigonga mawe yetu ya volkeno pigo linaweza kwenda hadi kwenye gia. Alumini hupinda, na fundi huinyoosha. Ile ya mapanga manne nitaijaribu wiki ijayo, nati yake ikipatikana.

Kama utanunua ya mtumba, chukua rangi isiyofutika majini. Ndani ya kitovu kuna mpira unaounganisha bomba la katikati na mapanga. Chora mstari mmoja unaovuka mpira huo, hivi, kisha endesha kwa nguvu na uutazame tena. Kwenye hii mpya mstari umebaki mzima. Sasa tazameni ile ya mtumba niliyouziwa kabla ya zote: vipande viwili vya mstari vimeachana upana wa kidole, maana yake mpira unateleza. Ndiyo sababu karibu na kisiwa cha Idjwi mashine ilinguruma, boti ikakataa kusogea, na tukarudi kwa makasia hadi alfajiri.