Nimelipiwa kuendesha baiskeli: siku mbili bonde la Ruaha Mdogo, Iringa

Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli, hapa Mafinga, mwaka wa 24 huu. Nimeunga fremu zilizokatikia kwenye magunia ya mkaa na nimekaza njiti za Phoenix zilizobebeshwa mbao mpaka ringi zikawa yai. Lakini mtu mzima na akili zake apande baiskeli kwa starehe, tena alipie, hilo halikuwahi kunijia kichwani. Aliyeniletea ni binti yangu wa pili, yuko Dodoma. "Baba, nimeshalipa. Ijumaa saa moja asubuhi uwe Iringa, vaa sweta." Shilingi 120,000, siku mbili, kulala na kula humo humo, baiskeli yao. Nilimwuliza kwa nini asinitumie hela hiyo nikaongezea kwenye mashine ya kuchomelea. Alicheka tu.

Jina la hao wenye safari siliandiki. Mabaya nimewaambia wenyewe, ana kwa ana, na mazuri nayo nimewaambia. Mkitaka kuwatafuta, pale Iringa wanaofanya biashara hii hawafiki wa kuwahesabu kwa vidole vya mikono miwili.

Tangazo lao lina mambo matatu: bonde la mto, miji ya kale, hakuna magari. Nianze na kilichonikera, nikitoe.

Tulikuwa watu saba: walimu wawili mke na mume kutoka Dodoma, wanafunzi watatu wa chuo, mimi, na kijana kiongozi. Baiskeli zimepangwa ukutani, mtumba wa Ulaya, fremu nzuri kabisa, alumini, gia nyuma na mbele. Nikainama kama kawaida yangu. Ya kwanza, raba za breki zimeisha mpaka chuma kinang'aa. Ya pili, cheni kavu, ukiizungusha inalia kama mlango wa stoo. Ya tatu, nimeshika gurudumu la nyuma nikalitikisa, habu inacheza. Kijana akaniambia kwa adabu, "Mzee, zote zimekaguliwa jana." Nikamwambia, "Mwanangu, aliyekagua alikuwa amesimama."

Kwa mtu asiyeijua Iringa: mji umekaa juu ya kilima, mto uko chini, na safari inaanza kwa kuteremka hadi Ipogolo. Ule mteremko si wa mchezo, na pale chini ndipo inapopita barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma, na malori yake. Kumpa mtu baiskeli isiyo na breki akateremke pale ni kumwandalia kaburi. Nilikataa kuondoka. Nina mfuko wangu mdogo wa spana, siachani nao hata kwenye harusi, nikakaa chini nikahamisha raba kutoka kwenye baiskeli mbili zilizobaki ukutani, nikavuta waya, nikatia mafuta. Dakika hamsini. Wanafunzi walinuna mwanzoni. Tulipofika Ipogolo wakiwa wazima hawakununa tena.

Malalamiko mengine yatafuata, lakini haya ndiyo yaliyoondoa nyota.

Sasa mto. Hapa niwe mkweli, sikutegemea.

Ruaha Mdogo unatoka huku kwetu juu, nyanda za Mufindi. Mimi nimeunywa, nimeufulia nguo, nimeuvuka mara zisizohesabika nikiwa ndani ya basi, na sikuwahi kujiuliza unakwenda wapi baada ya daraja la Ipogolo. Basi unakwenda Kalenga, na baadaye unamwaga maji yake Ruaha Mkuu. Kuanzia Ipogolo tuliacha lami, tukashika njia za mashambani zinazofuata mto. Na kwa kuwa tunafuata maji yanakokwenda, njia inashuka kidogo kidogo muda wote. Huioni kwa macho, unaisikia kwenye pedeli. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inaendelea yenyewe. Aliyechagua tuanzie juu ya mto twende chini yake anajua kazi, hapo nampa haki yake.

Asubuhi ya Juni Iringa ina baridi ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, huku na huku mashine za kumwagilia zimeanza kunguruma, mabomba yamelazwa mpaka kwenye nyanya na vitunguu. Njia ni nyembamba, mara inapita juu ya tuta la mfereji, mara katikati ya mahindi makavu yanayosubiri kuvunwa, na lazima ushuke upishe ng'ombe. Gari sikuliona hata moja. Pikipiki nne, moja yao imebeba matenga matatu ya nyanya na abiria juu yake.

Kuna sehemu akina mama walikuwa wanapalilia karibu na njia. Tukawaamkia, "Kamwene!" wakaitikia. Mmoja wao, mtu wa umri wangu, akanikazia macho mimi peke yangu. "Baba, mzigo wako umeuangusha wapi?" Nikamwambia sina mzigo, natembea tu. Akawageukia wenzake akawaelezea kwa Kihehe, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sikukasirika. Angepita mwingine dukani kwangu akasema ananunua baiskeli ya kutembelea tu, ningecheka vilevile.

Mwiba ulimpata mwalimu wa kike kabla ya saa nne. Na hapa ndipo malalamiko ya pili: kiongozi hana tyubu ya akiba, hana kiraka, pampu aliyonayo mpira wake umekufa. Nilitoa vyangu. Nimeziba, tumekwenda. Lakini siku ambayo mzee wa Mafinga hayupo, hao watu watasukuma baiskeli hadi Kalenga wakiwa na jua la utosi.

Kalenga leo ni kijiji, ukipita na gari kwenda hifadhi ya Ruaha unaweza usigeuze shingo. Ndiyo maana kuingia kwa kupitia mtoni kuna faida yake. Unafika ukitokea bondeni, unaviona vilima vinavyoizunguka, na unaelewa kwa nini Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliweka makao yake pale. Maji yapo, ardhi ina rutuba, na adui anaonekana akiwa mbali. Alijenga ngome ya mawe. Kwa Kihehe ngome ni lilinga, na watu wanasema jina Iringa limetoka humo. Wajerumani walikuwa wameshaonja joto yake Lugalo, 17 Agosti 1891, walipopoteza kamanda wao Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi. Wakajipanga miaka mitatu. Walirudi na mizinga, na 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mwenyewe hawakumpata. Aliwasumbua porini hadi Julai 1898, alipojiua Mlambalasi ili wasimshike akiwa hai.

Fuvu lake liko kwenye jumba la makumbusho pale pale, ndani ya kioo. Chumba chenyewe ni kidogo, kimya, kuna silaha za enzi zile ukutani. Mzee anayetembeza wageni alisimulia taratibu, bila mbwembwe: kichwa kilichukuliwa, kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba kirudishwe, na hakikurudishwa. Ni gavana wa Kiingereza, Twining, aliyekwenda kukifuata Bremen, na 19 Juni 1954 kikakabidhiwa hapo kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Miaka 56. Wanafunzi walikuwa wamekuja na simu zao tayari kupiga picha, wakazirudisha mifukoni wenyewe. Ratiba iliandika nusu saa. Tulikaa saa moja na robo na kiongozi hakutuharakisha. Hilo ni la kumsifu.

Chakula cha mchana ni ugali, samaki, na mboga za maboga, kwa mama mmoja karibu na hapo. Kizuri. Twendelee.

Kutoka Kalenga hadi Tosamaganga ni mlima, na tangazo halikusema. Mimi nilisukuma, walimu walisukuma, mwanafunzi mmoja alijitia kukanyaga akatapika samaki. Mizigo yetu, asante Mungu, ilitangulia na bodaboda. Juu kuna misheni ya Kikatoliki, majengo makubwa ya matofali, kanisa, hospitali. Waconsolata kutoka Italia ndio waliokaa pale miaka mingi. Jina lenyewe ni la Kihehe, kutupa mawe, na inasimuliwa kwamba mizinga ya Wajerumani ilirusha mawe yake Kalenga kutokea kilima hiki. Ukisimama ukatazama chini unaona kwamba hata kama ni simulizi, ina mantiki yake: Kalenga yote iko mbele yako kama sinia.

Usiku, tumejifunika mablanketi, kijana alitueleza bosi wake alikoliokota wazo hili. Kuna njia ya baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau, Ujerumani, mpaka Vienna, mji mkuu wa Austria, zaidi ya kilomita 300. Watu wanafuata maji, wanalala kwenye miji ya kale, mabegi yanatangulia. Na hiyo ni kipande tu cha njia ndefu inayoanzia bahari ya Atlantiki ikapita kando ya mto Loire, Ufaransa, hadi Bahari Nyeusi. Akatuonyesha picha kwenye simu: lami safi, tambarare, vikongwe wa miaka 70 wamevaa kofia ngumu. Nilichokishika mimi ni kitu kimoja. Alisema sehemu kubwa ya njia ile zamani ilikuwa ya farasi, waliokuwa wakitembea ukingoni wakivuta mashua zenye shehena kupanda mto. Ndiyo maana haina milima. Kumbe nao walianza na mizigo! Nilimkumbuka yule mama aliyeniuliza mzigo wangu.

Nyumba tuliyolala ni safi, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo, kitanda changu kilikuwa kifupi kidogo. Saa tatu taa zimezimwa.

Siku ya pili ni Isimila, korongo lenye nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale, kwa njia za vijijini, mteremko mwingi kuliko mlima, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Picha za nguzo zile za udongo na mchanga mmeziona, kwa hiyo nisiwachoshe. Niseme tu kwamba ukiwa chini korongoni, shingo imeinuka, ni kubwa kuliko picha. Mimi nilibaki kwenye mawe. Ni zana zilizochongwa na watu wa kale, na umri uliopimwa pale unakaribia miaka 260,000. Shoka la mkono lina ncha upande mmoja, upande wa pili mviringo wa kujaa kiganjani, kingo zimegongwa kwa mpango, kushoto na kulia. Fundi akiiona kazi ya fundi anaijua. Lingine jembamba lilikuwa na umbo kamili la kutolea tairi kwenye ringi, nikamwambia mwangalizi hivyo, akaniomba kwa upole nisijaribu.

Kurudi mjini ndipo penye ile "hakuna magari". Kutoka Isimila, njia ya kurudi Iringa ni barabara kuu, kilomita kama 20, malori mwanzo mwisho. Walituletea kirikuu mbili, baiskeli zikapakiwa, sisi tukapanda. Walimu walilalamika kwamba wamelipia baiskeli wakapandishwa gari. Mimi niko upande wa kampuni kabisa: pembezoni mwa lami ile hakuna nafasi ya baiskeli, na wateja wangu wawili wamezikwa kwa sababu hiyo. Kosa lao ni kutoliandika kwenye tangazo. Waandike: mtapanda kirikuu, na mlima wa Tosamaganga mtasukuma. Mtu aamue akijua.

Anayekwenda aende Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu; masika matuta yale ya mfereji ni utelezi mtupu. Abebe tyubu yake. Achague baiskeli kwa kutikisa gurudumu la nyuma kwanza, na abane breki zote mbili akiwa bado amesimama uani. Siti zao ni ngumu, mwenye matako ya ofisini atafute kitambaa cha kukalia.

Nyota: bonde tano, kiongozi nne, baiskeli moja na nusu, nayo hiyo nusu ni ya fremu.

Jumanne kijana alinipigia simu. Bosi wake anauliza, raba za breki jozi 16, waya nane na gololi za habu, ni shilingi ngapi nikiwaletea Iringa na kuzifunga mwenyewe. Nimemtajia bei. Nauli ya basi juu yao.