Uzoefu wangu: Landrova 109 iliyoungwa Tanga kwa vipande vya magari manne

Gari la marehemu baba lilikaa chini ya mwembe nyumbani Pongwe tangu 2006. Ni Landrova pikapu, Series III ya 1978, ile ndefu tunayoiita 109 kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha utingo. Nilipotangaza kwamba nataka kulifufua, ndugu walinishauri niliuze kwa kilo ninunue pikapu ya Kijapani. Nilikataa. Kadi yake ilikuwepo na tayari imeingia jina langu baada ya mirathi, na shamba letu la iliki liko juu kule Amani. Anayepanda barabara ile kutokea Muheza wakati wa masika anajua kwa nini nilitaka gari la namna hii.

Gereji iko Ngamiani. Jina sitalitaja, maana humu mna sifa na lawama. Niliahidiwa miezi mitatu, nikakabidhiwa gari baada ya miezi kumi na moja.

Mwenye gereji ni mzee aliyejifunzia ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Siku ya kwanza nilimkuta amelala chali chini ya gari, nyundo ndogo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inama usikilize."

Akagonga chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima: ngo, ngo, ngo. Akasogea kama shibiri moja: bu. Akagonga tena palepale, na ncha ya nyundo ikazama ndani kama imepiga mkate. Alizunguka chasisi nzima hivyo hivyo, akitia alama ya chaki kila penye "bu". Alama zilikuwa kumi na saba, nyingi upande wa nyuma, na mbili zilikuwa pabaya zaidi, pale springi zinapojishika.

Hapo ndipo nilipoelewa gari langu. Bodi ya Landrova ni ya alumini kwa sehemu kubwa. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa ya alumini. Ndiyo maana mabawa na karai la nyuma la gari la baba yalikuwa bado mazima ukiyafuta vumbi. Chasisi ni habari nyingine. Ni chuma chenye uwazi ndani, mfano wa sanduku refu. Maji yakishaingia humo na upepo wetu wa bahari wenye chumvi, kutu inakula kutoka ndani kuja nje, na rangi ya juu inabaki nzuri inakudanganya. Gereji nyingine niliyopita kabla ya hii iliniahidi kunifanyia kazi kwa wiki mbili: kubandika bati juu ya matundu, puti, rangi nyeusi, basi. Mzee alifanya kinyume. Alikata kila palipooza mpaka akafika kwenye chuma kinacholia, akachomelea bati zito la milimita tatu pande zote, na mwisho akanyunyiza oili chafu ndani ya chasisi nzima kwa pampu. Kazi hiyo peke yake ilikula miezi minne na karibu theluthi ya fedha zangu zote. Sijutii hata shilingi. Gari hutambulika kwenye kadi kwa namba ya chasisi, na vipande vingine vinaweza kubadilishwa.

Kingine nilichokipenda: kila mahali bodi ya alumini inapokutana na bano la chuma, aliweka kipande cha mpira wa tyubu katikati. Vitu hivi viwili vikigusana penye chumvi, alumini inageuka unga mweupe. Mimi nilikuwa nadhani ule unga ni chokaa ya kuku!

Kutafuta spea kulinizungusha mkoa mzima. Milango na boneti vilitoka Lushoto, giaboksi na difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) Korogwe, injini kwa mnunuzi wa vyuma chakavu Muheza. Injini ya baba ilikuwa ya petroli na imepasuka bloku. Mzee akasema tuweke ya dizeli ya ujazo uleule, sentimita za ujazo 2,286, kwa kuwa inakaa kwenye giaboksi ileile bila kuchonga chochote. Muheza zilikuwepo mbili, sura moja. Mzee alitaka sampu zote mbili (makarai ya oili chini ya injini) zifunguliwe kwanza. Krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, ya moja ilishikwa na beringi tatu, ya pili tano. Kiwanda kilihamia beringi tano mwaka 1980, na krenki ya dizeli inahitaji mshiko huo, kwani mgandamizo wake ni 23 kwa 1. Tulichukua ya beringi tano, japo ilizidi bei kwa laki tatu. Namba ya injini ikiwa imebadilika, nililipeleka suala hilo TRA (Mamlaka ya Mapato) kadi irekebishwe. Msiache kufanya hivyo, vinginevyo kila askari wa barabarani ana haki ya kukuuliza injini umeitoa wapi.

Difu nusura ituingize hasarani. Ile ya mbele iliyotoka Korogwe ilikuwa safi, meno mazima, na muuzaji aliapa ni ya 109. Mzee aliifunga, akanyanyua magurudumu yote mawili, akatia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu), akaniambia nihesabu. Propela ilizunguka mara tatu na nusu tu, magurudumu yakawa yamemaliza mzunguko mmoja. Kwenye 109 inatakiwa mara nne na karibu robo tatu. Difu ile ilikuwa ya gari jingine. Tungeiacha, siku ningeweka fowili (magurudumu yote manne yavute) kwenye lami, mbele na nyuma zingevutana mpaka kitu kivunjike. Tuliirudisha Korogwe. Yeyote anayeunganisha gari la vipande, ajifunze kuhesabu hivyo kabla ya kulipa.

Sasa lawama. Vijana wa gereji wamezoea magari ya Kijapani, na spana zao ni za milimita. Nati za Landrova hii karibu zote ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi na inaonekana imekaa, kumbe inacheza, na ukikaza kwa nguvu inakula kona. Nilikuta nati nne za propela zimeshakuwa duara. Niliumia sana, kwa sababu nati zile zilikuwa nzima miaka yote ya baba. Nilinunua seti ya spana za inchi kwa fedha yangu nikaiacha pale.

Giaboksi ya kwanza waliyofunga ilikuwa ya Series IIA. Nje zinafanana, lakini IIA haina sinkro (kifaa kinachofanya gia iingie bila kusaga) kwenye gia ya kwanza na ya pili, wakati III inayo kwenye zote nne. Kila nikiingiza ya pili ilikuwa inasaga. Kijana akaniambia nitazoea. Mzee aliposikia aliifungua siku hiyohiyo.

Breki ndizo zilizonitisha. Wiki ya pili baada ya kukabidhiwa nilikuwa nashuka kutoka Amani na magunia ya iliki, nikakanyaga breki, kanyagio likaenda mpaka chini. Breki ya mkono ya Landrova hii haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma, na kuivuta gari likiwa linatembea ni kutafuta kuvunja ekseli. Nilishuka kwa gia ya pili injini ikilia, mpaka nikapata mahali pa kupandia ukingo. Silinda mbili za magurudumu ya nyuma, mpya za bei nafuu kutoka dukani, zilikuwa zinavuja. Walibadilisha bila kunitoza, lakini neno la pole halikutoka kwa yeyote isipokuwa mzee. Spea za mtumba za chuma ni sawa kabisa kwangu. Mipira ya breki usikubali ya kubahatisha, na uombe kuiona kabla haijafungwa.

Jumla imenitoka milioni 11 na laki 4. Inabeba magunia yangu bila kulalamika, inakula lita moja kwa kama kilomita nane, na zaidi ya kilomita 70 kwa saa siiombi. Asubuhi inawaka kwa mshiko mmoja. Ikigoma, naangalia kwanza plagi za kupasha joto: zimefungwa mfululizo kama taa za mapambo, moja ikiungua zote zinakufa.

Kazi ya chasisi naipa nyota tano, kutafuta na kupima spea tano, vijana na breki mbili. Nikiwa na Landrova nyingine nitampelekea mzee yuleyule, na nitasimama pale kila Jumamosi.

Kilichobaki ni fremu ya juu ya mlango wa kushoto. Ile ya Lushoto imeliwa chini yote. Kwa sasa nimefunga ubao wa mninga, na mvua haipiti.