Dawa ya kusafishia mipira ya pool ya Aramith: inafaa, ila msiitafutie mng'aro

Wakuu, kwa wenye haraka nianze na jibu kabisa. Ile chupa ya Aramith Ball Cleaner, ya mililita 250, ni nzuri na inafanya kazi inayosema inafanya. Ila kama una meza moja ya sarafu nje ya grosari na mipira yako ni ile ya bei ya chini, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kitambaa kisafi vitakumalizia karibu kazi yote, hela inayobaki nunua chaki nzuri. Wenye muda tuendelee.

Mi naangalia meza mbili kwenye baa ya shemeji yangu hapa Morogoro, ziko barazani chini ya bati na barabara mbele ni ya vumbi. Sasa vumbi lenyewe bado siyo tatizo kubwa, tatizo ni mikono. Mtu katoka kwenye kitimoto, kajipangusa kwenye suruali, anashika nyeupe, ule mpira wa kupigia, anaiweka anapotaka kubreki, halafu na chaki juu yake, halafu mwingine kamwagia bia, baada ya wiki ukishika mpira unasikia kabisa unanata. Zile zenye mstari, kuanzia tisa mpaka kumi na tano, ndo zinaumbuka zaidi maana sehemu yake nyeupe inageuka rangi ya maji ya mto wakati wa masika. Na nyeupe yenyewe ndo chafu kuliko zote kwasababu kila pigo ni yake.

Wengi wanadhani kusafisha mipira ni mambo ya urembo. Hapana aisee. Chaki ikikaa pale mipira miwili inapogusana, inang'ang'aniana kidogo kabla ya kuachana, mpira unaopigwa unapotea njia, mchezaji anaapa meza imeinama na wewe unaanza kuhangaika na vigae vya chini ya miguu ya meza wakati meza haina kosa lolote. Kitambaa cha meza nacho kinaisha haraka. Na kitu ambacho watu hawakijui, hii chaki ya fimbo siyo chaki ya ubaoni, ndani yake kuna silika na oksidi ya alumini, na oksidi ya alumini ndo hiyohiyo inayotengenezewa msasa. Kwahiyo ukichukua mpira mkavu wenye chaki ukausugua kwa nguvu na fulana ya zamani ili ung'ae, unaupiga msasa mwenyewe kwa mkono wako.

Ndo maana hata nikiwa na dawa, naanza na maji. Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, tone la sabuni ya maji, mpira mmoja mmoja kwa mkono, suuza, futa na kitambaa cha maikrofaiba vile vya waosha magari, acha kivulini mpaka mikavu kabisa. Usiianike juani na usiirudishe mezani na unyevu, kitambaa cha meza hakipendi maji. Hapo ndo natoa chupa.

Dawa yenyewe unaitikisa, unaweka kidogo sana kwenye kitambaa, yaani kidogo kuliko unavyofikiria, unazungusha mpira mpaka uenee, halafu kabla haijakauka unafuta na kitambaa kingine kisafi. Kitambaa cha kwanza kinatoka na weusi ambao utashangaa, maana ulishaosha na sabuni na ulidhani umemaliza. Hapo ndipo nilipokubali kwamba hela haikwenda bure. Ile hali ya kunata inaisha, namba zinasomeka vizuri, na mipira ikigongana inatoa ule mlio mkavu. Ukiiacha ikauke kabla ya kufuta utaumia, inabaki kama unga na utasugua upya. Chupa inakaa muda mrefu kama unayeishika ni wewe, ukimpa kijana wa kaunta atamimina kama anaosha sufuria.

Isichofanya: haiondoi mikwaruzo ya ndani, haizibi vipande vilivyobanduka, na mipira iliyogeuka njano kwa uzee itabaki njano, ila njano safi. Kwa kuchakaa huko kuna dawa nyingine ya kampuni hiyohiyo, Aramith Ball Restorer, hiyo ni ya mipira iliyofifia kweli, unaitumia mara chache halafu unamalizia na Cleaner. Siyo kitu kimoja. Nasema hivi kwasababu muuzaji aliyeniuzia, duka silitaji, aliniambia zote sawa tu, chukua yoyote, na akaongeza kwamba niipake nene niiache mipira ilale nayo mpaka asubuhi. Bahati nzuri maelezo yapo kwenye chupa. Ukinunua soma mwenyewe, usimsikilize mtu ambaye anauza na mipira ya kikapu na kamba za kuruka.

Sasa kuhusu mipira, kwasababu jibu langu la juu linategemea una mipira gani. Aramith wanatoka Ubelgiji, kiwanda kipo sehemu inaitwa Callenelle, mipira yao ni ya resini ya fenoli, plastiki ngumu, inavumilia joto la msuguano na inachukua muda kuchakaa. Ile ya bei chee mingi ni ya poliesta, inakwaruzika mapema, inageuka njano mapema. Resini ya fenoli inatokana na ule ukoo wa bakelaiti aliyoitengeneza Leo Baekeland mwaka 1907, naye kwa kuzaliwa alikuwa Mbelgiji, sijui wana nini hawa watu na mipira. Kabla ya hapo mipira mizuri ilikuwa ya pembe za ndovu, na pembe nyingi zilipita Bagamoyo na Unguja zikaenda kuwa mipira ya biliadi na vibao vya piano huko Marekani, kwahiyo pwani yetu iko kwenye huu mchezo kabla hata hatujaanza kuucheza. Anyway. Nachosema ni kwamba dawa hii imetengenezwa kwa ajili ya resini ya fenoli na hapo ndo inaonekana thamani yake. Poliesta ikishakwaruzika utaipaka dawa leo, kesho uchafu umerudi kukaa kwenye mikwaruzo ilee.

Kuna jambo wapenda mng'aro hawatalipenda. Viwango vya vifaa vya chama cha pool cha dunia, WPA, vinasema mipira isiwe imepakwa polishi wala nta, isafishwe na kitambaa kisicho na vumbi na inaweza kuoshwa kwa sabuni na maji. Ikiwa imepata kitu cha kuteleza inatakiwa ifutwe na kuoshwa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kabla ya mchezo. Someni tena hapo, sabuni na maji! Mpira unaoteleza sana unabadilisha pembe, mchezaji aliyezoea kukata nyeusi kwa pembe fulani anakosa kidogo kidogo na hajui kwanini. Mimi siku nimepaka dawa, wazee wa meza ya kwanza wanalalamika gemu za mwanzo mwanzo mipira inakimbia, baadaye inatulia. Kwahiyo kama mna mechi ya hela au ligi ya mtaa jioni, asubuhi osheni na sabuni tu, dawa iacheni kwa siku ya kawaida, na mkiipaka futeni mpaka kidole kisisikie kitu.

Nta ya magari ndo usiguse kabisa. Jamaa mmoja mwenye meza jirani na stendi alipaka, mipira ikang'aa kama vioo, watu wakapiga picha, siku chache chaki yote imeganda juu yake na kitambaa kina michirizi ya mafuta. Dawa ya meno nayo watu wanaisifia sana, ina chembechembe za kukwangua, kwenye jino sawa, kwenye mpira unaondoa ule ulaini wa juu na ukishaondoka haurudi. Hivyohivyo steelwire na unga wa kusugulia masufuria. Asitoni, yaani ile ya kufutia rangi ya kucha, na thinner, kwa poliesta ni hatari, inakula ngozi ya mpira. Jik haina kazi hapa, na tafadhali sana msije mkachanganya Jik na ile asidi ya chooni eti mpate nguvu mara mbili, ile inatoa gesi ya klorini, inakaba kifua, mtu anaweza kuishia hospitali kwa ajili ya mpira namba tisa. Petroli naona mafundi wengi wanaitumia, kweli inatoa grisi, ila unaitumia barazani kwenye watu wenye sigara na jiko la chips lipo hatua chache... mnaelewa. Hata spiriti ya WPA itumieni mbali na moto.

Mashine za kusafishia nimeona pia, ile ndoo yenye kapeti ndani na mota, mipira inazunguka yenyewe. Kwa ukumbi wenye meza nyingi ina maana. Za kujitengenezea kwa mota ya mashine ya kufulia mimi sizishauri, maji na waya uliofungwa na selotepu siyo kitu cha kuweka karibu na wateja, na ikizunguka kasi sana inapasha mipira joto.

Alama: kwa mwenye seti halisi ya Aramith naipa dawa hii nne kati ya tano, moja nimeikata kwa bei na kwa kupatikana kwa shida, huku kwetu mpaka uagize Dar. Kwa mwenye mipira ya poliesta naipa mbili na nusu, siyo kwamba ni mbaya, ni kwamba hiyo hela ukiiongeza kidogo kidogo unakaribia seti mpya. Na vitambaa vya maikrofaiba nunueni vingi, vioshwe peke yake bila ile dawa ya kunukia ya kulainishia nguo, maana ile nayo inaacha utelezi kwenye mipira.